Mstari Mwekundu Juu ya Nati

Felista alikuwa akipakua wali kwa mkono wa kushoto. Nilimwona kabla hajaniona, nikiwa kwenye foleni ya chakula nyuma ya nyumba ya Mama Nzowa kule Hasamba, siku ya pili baada ya kumzika mama huyo. Mkono wa kushoto ulishika mwiko. Wa kulia aliuegemeza kiunoni kama mtu anayejiandaa kugomba. Mgeni angedhani ni mapozi. Mimi nilijua kwamba mkono ule haupandi juu ya kifua, nilijua ni kwa sababu gani, na njaa yote niliyotoka nayo Tunduma ikaniisha pale pale. Nilitamani kutoka kwenye foleni. Lakini foleni ya msibani huwezi kuitoka bila watu kukuuliza unaumwa nini, kwa hiyo nikasogea hatua kwa hatua mpaka sahani yangu ikawa mbele yake.

“Leya wa mashine,” akasema, akacheka. “Umenenepa.”

“Na wewe dada unazeeka vizuri.”

“Nazeeka. Hilo la vizuri umeongeza mwenyewe.”

Baadaye tulikaa kwenye mkeka, migongo ukutani, miguu tumeinyoosha kama wanawake wenye umri wetu wanavyokaa msibani. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka ishirini, ingawa kutoka dukani kwangu Tunduma hadi Hasamba si safari ya kumtisha mtu. Nauza bolti, nati na washa, na wateja wangu wengi ni madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Sikwenda Hasamba kwa sababu sikutaka kwenda. Felista alinieleza habari za watoto, za mvua, za mahindi yaliyoliwa na viwavi, kisha akaniuliza kama namkumbuka Bashi Mutale, yule fundi wa Nakonde, ng’ambo ya mpaka, aliyetufungia injini. Nilisema namkumbuka kidogo. Akasema alimkuta mwaka jana sokoni huko Nakonde, mzee sasa, anauza samaki wakavu. Kiti cha baiskeli aliyokwenda nayo Felista kilikuwa kinachezacheza, akamwomba amkazie nati moja tu, na spana ilikuwepo hapo meza ya jirani.

“Akakataa,” Felista alisema. “Akaushika huu mkono wangu, akauangalia. Akaniambia, mama, mkono wangu ulishakosea mara moja, na shahidi ni huu wako. Tangu ile siku yetu hajafunga nati ya mtu. Fundi mzima vile, Leya. Anauza samaki.”

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejiambia kwamba fundi hodari hakosi kazi, na kwamba yaliyosemwa Hasamba hayakuvuka mpaka. Nilikuwa nimejenga nyumba nzima juu ya maneno hayo. Nilikaa pale kwenye mkeka nikisikia akina mama wakiimba ndani, na mwaka ule wote ukanirudia.

Ya wazazi wangu na jinsi nilivyofika Hasamba nitayaacha. Inatosha kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilihitaji kazi, na Mama Nzowa, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama chenye mashine ya kusaga, alinipa. Siku hizo tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya na umeme tulikuwa tunausikia tu. Mashine iliendeshwa na injini ya dizeli, injini nzito ya polepole yenye magurudumu mawili ya chuma ubavuni, na kutoka kwenye gurudumu moja mikanda mitatu ilikwenda kuzungusha kinu. Chumba kilikuwa cha tofali mbichi, na unga ulikuwa umekaa juu ya kila kitu, hata utando wa buibui ulikuwa mweupe na mnene. Kazi yangu ilikuwa kuwasha, kuzima, mafuta na usafi. Felista, aliyekuwa amenizidi miaka sita na tayari mama wa watoto wawili, alisimama juu ya kreti kando ya mikanda akimwaga mahindi kwenye mdomo wa kinu. Nyuma yake lilikuwepo benchi la wateja. Chumba changu kilikuwa stoo iliyopakana na mashine, ukuta mmoja, na injini ilipokuwa inafanya kazi kikombe changu kilitembea juu ya rafu mpaka nikakiwekea kitambaa chini.

Chakula nilikula kwa Mama Nzowa. Asubuhi chai ya rangi na viazi vitamu vya jana vilivyopashwa moto kwenye majivu, mchana ugali wa dona na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, jioni mara nyingi kande. Jikoni kwake ndiko nilikosikia habari ya msichana aliyenitangulia. Bolti za zamani zilizoishika injini zililegea, zikakatika mbili kwa mpigo, na injini ikaruka kwenye kitako chake ikatembea mpaka ukutani ikiwa inawaka. Hakuumia mtu kwa sababu ilikuwa mapema na wateja walikuwa nje. Msichana akafunga mzigo wake siku hiyo hiyo. Kila mwanamke aliyekuja kuuliza kama injini imepona alinisimulia upya na kuongeza chake, hivi kwamba baada ya wiki mbili injini hiyo ilikuwa imewafukuza watu hadi barabarani. Mimi ni mtu wa hofu tangu kuzaliwa. Hadi leo nikifunga mlango narudi kuusukuma, nikifika barabarani narudi tena. Wazee waliposema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nilijiona nimesifiwa.

Bashi Mutale, yaani baba Mutale kwa lugha ya kwao, aliletwa kuiweka injini upya. Alikuwa mtu wa kama miaka hamsini, amefanya kazi migodini huko kwao Zambia, na alikuja Hasamba amevaa viatu vilivyong’arishwa kama anakwenda kuoa. Alitandika kitambaa cheupe chini, akapanga spana zake juu yake kwa ukubwa, na moja ndefu akaitoa ndani ya foronya ya mto, taratibu, huku akina mama wakisukumana mlangoni. Ilikuwa spana ya kupimia nguvu: unaiweka kipimo, unakaza, na ukifika inalia “ta”, hapo unaacha. Alikuwa amekuja na bolti nne mpya kutoka ng’ambo. Kabla ya kuzifunga aliniita nje, kwenye baiskeli ya mteja mmoja iliyokuwa na gunia limefungwa kwa mpira wa tyubu.

“Mwana, huu mpira unalishikaje gunia?”

“Kwa kulibana.”

“Awe, hapana. Kwa kutaka kurudi,” alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, Kibemba kikiingia na kutoka bila hodi. “Umeuvuta, unataka kurudi, gunia linauzuia. Bolti ni hivyo hivyo. Ni chuma, lakini ukiikaza inavutika, kidogo tu, jicho halioni. Ikitaka kurudi, ndiyo inashika.”

Akaulegeza ule mpira, akaitikisa baiskeli. Kwa kila mtikiso mpira ulikuwa unavutwa na kuachiwa, unavutwa na kuachiwa. Akasema bolti iliyolegea nayo ndivyo inavyoteswa, kila pigo la injini linaingia ndani yake peke yake. Pigo moja haliiui, wala mia. Inachoka. Inapata ufa mdogo kama unywele, ufa unakwenda, na siku inapokatika watu wanasema imerogwa. Ikivutwa kwa kipimo chake, basi injini inapopiga, ule mgandamizo wa injini na kitako ndio unaobeba sehemu kubwa ya pigo, na bolti haioni tabu.

“Basi tuikaze sana,” nikasema.

Akaufungua mpira, akauvuta kwa mikono miwili, akauvuta mpaka ukawa mweupe na mwembamba kama uzi, akaushikilia hivyo, akauachia. Ukaanguka kwenye vumbi ukiwa mrefu na legevu. “Huu sasa utabana nini?” akauliza, na mwenye baiskeli akaanza kulalamika juu ya mpira wake.

Alizifunga bolti zote nne mbele yangu, kwa zamu za mkingamo, kidogo hapa, kidogo kule, hadi kila moja ilipolia. Baada ya injini kufanya kazi siku nzima alizipima tena. Kisha akatoa mfukoni chupa ndogo ya rangi ya kucha, ya binti yake, nyekundu, akachora mstari mmoja kuanzia juu ya kila nati hadi kwenye chuma cha chini. “Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Niite, nitakuja hata kwa miguu. Usipovunjika, weka mikono mfukoni. Umenisikia, mwana?” Nikamwambia nimemsikia.

Kwa mwezi mmoja niliutii ule mstari. Kila asubuhi nilipiga magoti na kibatari kuutazama, na kila asubuhi ulikuwa mzima. Hilo halikunituliza. Mstari ulikuwa kitu cha kuangalia tu, na hofu yangu ilitaka kitu cha kufanya. Injini ilipowaka niliisikia miguuni, kisha magotini, kisha kwenye meno, na nilimtazama Felista juu ya kreti lake, kanga imekazwa, anacheka na wateja, mikanda ikipita pembeni ya kiwiko chake. Felista ndiye aliyenipa blanketi nilipofika. Ndiye aliyenifichia kiazi cha moto kwenye kanga yake asubuhi za baridi, maana Mbozi mwezi wa sita ina baridi ya kuuma masikio. Nilimpenda kama dada, na kwa sababu nilimpenda nilianza kumwona akiwa amelala sakafuni. Nilimwona hivyo nikiwa nakula, nikiwa kanisani, nikiwa nafua. Siku moja bibi mmoja kwenye benchi akamwambia mwenzake, wala hakuwa ananisema mimi, “Mdharau mwiba mguu huota tende. Yule wa kwanza alidharau.” Usiku huo sikupata usingizi.

Asubuhi nikachukua spana ya kikundi. Nati haikusogea. Nyuma ya stoo palikuwa na kipande cha bomba la mradi wa maji uliokufa. Nikakivisha kwenye mpini wa spana ili mkono uwe mrefu, nikauegemea. Nati ilisogea kidogo sana, upana wa punje ya mchele. Nikazifanya zote nne. Siwezi kueleza raha niliyoisikia. Nilisikia nimemfunga Felista mahali salama. Raha ile ilidumu mpaka kama saa nne, halafu meno yakaanza tena kusikia injini, na kesho yake nikarudi na bomba.

Mistari bila shaka ilivunjika. Niliogopa kumwita Bashi Mutale nimweleze kuwa nilitia mikono pale alipokataza, kwa hiyo nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona dogo. Nilinunua rangi ya kucha nyekundu kwa mmachinga wa Vwawa, nikakwangua mistari ya zamani kwa wembe, nikachora mipya. Kila nilipokaza, nilichora. Rangi iliniingia kwenye vidole na haikutoka, na kwenye benchi la wateja maneno yakaanza. “Leya kaanza kupaka kucha.” “Anampakia nani, sasa, hiyo injini?” “Muacheni, labda injini imeshatoa barua.” Walicheka, Felista naye akacheka, na mimi nikacheka nao, mikono nimeificha chini ya kanga.

Baada ya miezi kadhaa nati zilianza kuzunguka kirahisi. Nilikuwa nauegemea mkono wa bomba na nati inanifuata bila ubishi. Nikadhani kutu imeisha. Nikadhani sasa ndiyo zimekubali. Leo nikisimama dukani na dereva akaniambia nati yake imekuwa laini inapokazwa, nywele zinanisimama, kwa maana najua bolti inapokuwa laini ndipo chuma kinapoacha kutaka kurudi. Kinarefuka na kubaki hivyo. Kuanzia hapo haikubani tena sawasawa, na kila pigo linaanza kuingia ndani yake, kama ile iliyolegea. Niliambiwa hayo kwa mpira, kwa macho yangu, na sikuyaelewa, au niliyaelewa na hofu ikawa na sauti kubwa zaidi.

Bashi Mutale alikuja kukagua kabla ya mavuno. Hakuitwa, alikuja mwenyewe tu, ndivyo alivyokuwa. Akatandika kitambaa chake, akaanza kuifungua ile foronya, halafu akainama akatazama mistari. Minne yote ilikuwa imenyooka. Akaifunga foronya tena. Mchana huo kwa Mama Nzowa, mbele ya bakuli la maharage, alinisifia. “Huyu mwana ana masikio,” alisema. “Mafundi wakubwa nimewaambia neno hili hili, hawakuweza. Mkono wao unawasha. Huyu ameweza.” Mama Nzowa akaniongezea mboga. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale, watu watatu tu mezani, hakuna aliyeumia. Nikala mboga.

Bolti zilikatika siku ya Jumamosi, mwezi wa saba, foleni ya mahindi mapya ikiwa imefika barabarani. Sauti yenyewe haikuwa kubwa, ilikuwa kavu, kama mtu amevunja kuni gotini, kisha ya pili. Injini ikageuza bega. Mikanda ikatoka kwenye gurudumu, na mmoja ukapiga. Nakumbuka nimeifunga koki ya mafuta lakini sikumbuki nimefikaje pale. Kimya kilipoingia, Felista alikuwa ameketi sakafuni, si amelala kama nilivyozoea kumwona, ameketi, anautazama mkono wake wa kulia ambao ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiungo. Alikuwa mweupe kwa unga mwili mzima. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Leya, mtoto wangu yuko nje?” Walimbeba kwenye pikapu hadi hospitali. Mfupa uliunga, lakini alirudi shambani kushika jembe mapema mno, na ukaunga ulivyounga.

Kikundi kilileta fundi wa haraka kutoka Vwawa, maana foleni ilikuwa inasubiri. Alifungua bolti zote, vipande na nzima, akaziacha sakafuni, akafunga mpya, akaenda zake. Jioni hiyo niliichukua moja ya zile ambazo hazikukatika nikaisimamisha karibu na mpya ya saizi ile ile. Ilikuwa ndefu zaidi, unene wa ukucha, na karibu na nati ilikuwa imebonyea shingo. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Nilizikusanya zote nne kwenye sado, nikaenda chooni, nikazitupa shimoni moja moja.

Bashi Mutale alifika Jumatatu. Walimketisha sebuleni kwa Mama Nzowa, kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, wanawake saba wa kamati wakiwa wamemzunguka, na hakupewa chai. Mama Nzowa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkwe wake hospitalini, maana Felista ameolewa na mwanawe wa pili. Alimuuliza bolti zile alizitoa wapi. Akasema ng’ambo, duka analoliamini. “Kumbe za ng’ambo,” mmoja akasema, na mwingine akasema kamba hukatikia pabovu. Yeye hakubishana. Aliomba jambo moja tu, aletewe bolti hata moja aione. Wakanigeukia mimi. Nikasema wanunuzi wa vyuma chakavu wamepita, wamezibeba.

“Zote, mwana?”

“Zote.”

“Hata nati?”

“Hata nati.”

Hakuniamini, au hakutaka kuamini kwamba chuma kinaweza kupotea hivyo. Aliinuka, akaenda kwenye chumba cha mashine, akapiga magoti na ile suruali yake yenye pasi, akaanza kupapasa chini ya kinu, ndani ya pumba, pembeni mwa kuta, sentimita kwa sentimita. Wanawake walisimama mlangoni wakimtazama. Aliinuka mweupe hadi kwenye nyusi. Ndipo akaniuliza swali ambalo nimekuwa nikilisikia tangu siku ile, na alilisema kwa upole, kama mtu anayeomba maji.

“Mstari. Mstari ulivunjika?”

Ningesema ulivunjika, angejua kwamba nati zilizunguka, na angetafuta aliyezizungusha. Nikasema, “Haukuvunjika, bashi.”

“Haukuvunjika,” akarudia. Nilimwona akifikiri. Kama mstari haukuvunjika, basi nati hazikuzunguka. Kama hazikuzunguka, basi ni bolti zake, au spana yake, au mkono wake ulioishika. Akatazama mkono wake. Kisha akakunja kitambaa, akachukua foronya, akawaambia kina mama, “Ni mimi, basi. Nisameheni kwa mama yule,” akaondoka kwa miguu kuelekea barabara kuu. Mimi niliondoka Hasamba kabla ya Krismasi. Nilisema napenda biashara.

Haya yote nilimwambia Felista pale kwenye mkeka, kwa mara ya kwanza, nikitazama miguu yangu. Wali ulikuwa umepoa. Wimbo wa ndani ukaisha na mwingine ukaanza.

“Nilikuwa nakusikia asubuhi ukikaza,” akasema mwishowe. “Nilidhani ndiyo kazi uliyopewa.”

“Niliogopa usije ukaumia.”

“Ukaniumiza.” Hakulisema kwa ukali. Akaunyanyua mkono wa kulia hadi pale unapoishia, akaushusha. “Sasa unaniambia mimi ili iweje? Mkono wangu nimeshauzoea. Mtu wako yuko Nakonde.”

Nilivuka mpaka siku iliyofuata kwa miguu, katikati ya malori, na nilirudi nyuma mara mbili. Mara ya kwanza nilijidai nimesahau kufunga duka. Mara ya pili sikujidai kitu, nilirudi tu, nikasimama kwenye kibanda cha mama ntilie nikanywa chai niliyokuwa siitaki. Nimewafundisha madereva wangapi habari ya mpira na gunia? Ninayo dukani spana ya kupimia, wananicheka nayo, naiazima bure ili mradi waitumie. Somo lile nimelitoa kwa kila mtu, na mwenye somo sijawahi kumpa chake. Niliogopa atanifukuza. Zaidi ya hapo niliogopa atanisamehe haraka, anipe soda, na niondoke nikiwa nimelibeba kosa langu vile vile.

Nyumba yake niliulizia kwa wauza samaki. Alikuwa ameketi sebuleni, chumba kidogo chenye makochi mawili na vikapu vya samaki wakavu vilivyopangwa ukutani, na harufu yao imeshika hata pazia. Amekonda, macho yana ukungu. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya mkewe, Bana Mutale, akisonga nshima, ugali wa kwao. “Mwaiseni, mukwai,” alisema, akanikaribisha kwenye kochi. Hakunitambua. Nilimwambia mimi ni Leya, wa mashine ya Hasamba. Mikono yake, iliyokuwa magotini, ikahamia mapajani na kutulia.

“Eya,” akasema. “Mama yule mkono bado unamsumbua. Nilimwona.”

“Bashi, mstari ulivunjika.”

Akanigeuzia sikio.

“Niliuvunja mimi. Kila asubuhi nilikuwa nakaza, kisha nauchora upya kwa rangi ya kucha. Siku ile uliyokuja kukagua uliona mistari yangu, si yako. Na bolti hazikubebwa na watu wa vyuma chakavu. Nilizitupa chooni. Zilikuwa zimerefuka.”

Nilisubiri apaze sauti. Alikaa akitazama mbele, midomo ikisogea kidogo, nikadhani anasali. Kumbe alikuwa anahesabu.

“Ulikaza kwa mkono mtupu?”

“Kwa bomba. Nililivisha kwenye spana.”

“Refu kiasi gani?”

Nikanyoosha mikono kumwonyesha. Aliniambia nisogee karibu, haoni vizuri. Nikapiga magoti mbele yake, na yeye akapapasa kutoka mkono wangu mmoja hadi mwingine, akapima kwa shubiri, moja, mbili, tatu, na nusu. Akarudia.

“Kila siku?”

“Isipokuwa Jumapili.”

“Kwa bomba hilo,” akasema polepole, “hakuna bolti ya duka lolote ingestahimili. Hata ya mgodini.” Akavuta pumzi. “Basi zilikuwa nzima.”

“Zilikuwa nzima, bashi.”

“Na spana ilikuwa sahihi.”

“Ilikuwa sahihi.”

Aligeuza uso kuelekea jikoni, ambako mwiko ulikuwa unagonga sufuria, mkono wake ungali umenishika kifundo.

“Sema tena,” akaniambia. “Yote, tangu mwanzo. Kwa sauti, ili Bana Mutale asikie.”

Mwiko ukanyamaza. Nikasema tena.